Tukufungie Lini?

Jimbo la Ghafla liligunduliwa siku ya Jumanne asubuhi, likiwa na watu ndani yake. Watu wenyewe hawakuwa na habari. Saa hiyo walikuwa wakinywesha mbuzi.

Msomaji asituulize ni dola gani, maana nasi tuna watoto. Tuseme tu ni dola mojawapo ya Waarabu, yenye rais mmoja, mabaraza mengi na ramani kubwa ya ukutani. Katika ramani hiyo Ghafla ilikuwa pembeni kabisa, kule jangwa linapokwenda kuishia baharini, na kwa kuwa wachora ramani waliona pale hapana kitu, ndipo walipoweka kisanduku cha ufunguo: mstari mwekundu ni barabara, mstari wa buluu ni mto, kidoti cheusi ni mji. Kwa miaka na miaka Ghafla ilikaa chini ya kisanduku hicho kwa raha zake. Barabara haikuwa nayo, wala mto, wala mji, lakini maelezo ya vyote vitatu yalikuwa kwake.

Wazee wa kule husema jina hilo katika lugha yao ya kale maana yake ni "pasipoangaliwa". Sisi tunaolisikia kwa masikio yetu tunalielewa vingine, na kwa yaliyotokea hatukukosea sana.

Basi Jumanne hiyo waziri mmoja alikuwa akitafuta pa kupitisha bomba la mafuta lifike baharini bila kupita kwa jirani aliyegombana naye. Kidole chake kilitembea juu ya ramani, kikapinda huku, kikapinda kule, na kwa kuwa majirani wote alikuwa amekwisha kugombana nao, mwishowe kikagota kwenye kisanduku.

"Hapa pana nini?" akauliza.

"Ufunguo, Mheshimiwa."

"Na chini ya ufunguo?"

Wataalamu wakatazamana. Swali hilo halikuwa limewahi kuulizwa. Kisanduku kikabanduliwa kwa ncha ya kisu, na jioni ile ile redio ya taifa ikatangaza kwamba Ghafla ni jimbo la kimkakati, kwamba limekuwa la kimkakati tangu enzi za mababu, na kwamba wote waliolisahau kwa makusudi watatafutwa popote walipo.

Kabla ya wiki kwisha, Ndugu wa Kaskazini, Ndugu wa Mashariki na Marafiki wa Mbali nao wakabaini kwamba walikuwa wakiipenda Ghafla kwa muda mrefu, ila walikuwa hawajapata nafasi ya kusema.

*

Katika kitongoji cha Rahba kulikuwa na kisima kimoja, na kisima hicho kilikuwa mikononi mwa Bi Thumna binti Mabkhuti. Huko kuwa na kisima si kuuza maji. Ni kukaa karibu nacho, kuwasha moto kila alfajiri na kutia dele la kahawa jikoni, ili kila apitaye apate cha kunywa yeye na mnyama wake. Bi Thumna alikuwa mjane, mwanamke mkavu wa maneno machache, na alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, Harithi, kijana mrefu mwenye haya ambaye kazi yake ilikuwa kuwamiminia wageni.

Na ugeni wa Ghafla una taratibu zake, ambazo lazima tuzieleze, kwa sababu ndizo zilizoleta balaa. Mgeni haulizwi jina lake wala shughuli yake mpaka siku tatu zipite. Kikombe chake hujazwa, akinywa hujazwa tena, na tena, mpaka mwenyewe akitikise. Akikitikisa, mwenyeji anajua ametosheka. Asipokitikisa, mwenyeji anamimina. Ikifika asubuhi ya siku ya nne, mwenyeji anainama na kuuliza swali moja la adabu: "Mgeni wetu, tukufungie lini?" Maana yake, tukufungie lini masurufu yako ya njiani, tende na samli na maji kwenye kiriba. Ndivyo wanavyoagana. Hakuna mtu tangu Ghafla iwe Ghafla aliyewahi kukasirishwa na swali hilo; wengine huwatoa machozi.

Wa kwanza kufika walikuwa Ndugu wa Kaskazini. Walikuja na magari mengi kuliko mbuzi wa Rahba, na mbele yao alikuwa Jemadari Shaukati, mwanamume mnene mwenye nishani mpaka karibu na mkanda. Pembeni yake alitembea Ustadhi Ridhwani, mkalimani, aliyejifunza lugha ya Ghafla huko Mji Mkuu kwa profesa ambaye mwenyewe hakuwahi kufika Ghafla.

Jemadari akasimama juu ya ukingo wa kisima akahutubia. "Sisi si wageni," alisema. "Sisi ni ndugu. Tumekuja kuwaletea usalama!"

Ridhwani akatafsiri. Mzee Bakhiti, shemeji yake Bi Thumna, ambaye kitongoji kizima kilimwita Ami Bakhiti, akamgeukia jirani yake.

"Kwani usalama ulikuwa umekwenda wapi?" akauliza.

Walipofika Ndugu wa Mashariki siku ya pili yake, nao walileta usalama, mwingine, mpya zaidi. Marafiki wa Mbali walileta wa kwao umefungwa kwenye masanduku. Kila mmoja alianzisha kikosi chake na kuajiri vijana wa hapo hapo, kikawapo Kikosi cha Usalama, Kikosi cha Usalama Zaidi na Kikosi cha Usalama Kamili. Mtu na mdogo wake waliotoka nyumba moja walijikuta wanalindana, kila mmoja bunduki yake ikimwelekea mwenzake, ili mwenzake asije akavuruga amani. Mama yao ndiye aliyekuwa akiwapelekea chakula cha mchana, huku na huku.

*

Jemadari alipewa mkeka kivulini na kikombe mkononi. Harithi akamimina. Jemadari akanywa, akarudisha kikombe, Harithi akamimina. Ilipofika adhuhuri uso wa Jemadari ulikuwa umewiva na moyo ukimwenda mbio kwa kahawa, akamuuliza Ridhwani kulikoni. Ridhwani akamweleza desturi ya kutikisa kikombe.

Jemadari hakuwa mjinga, jamani, tusimvunjie heshima. Alikuwa amesomea vita katika vyuo viwili. Akafikiri kidogo, akaelewa kwamba katika nchi hii asiyetikisa kikombe hajatosheka, ambaye hajatosheka ni mgeni bado, na mgeni bado hafukuzwi. Alasiri ile ikatoka Amri ya Kutotikisa. Hakuna ofisa wala askari aliyeruhusiwa kutikisa kikombe, wala kijiko, wala kiganja karibu na kikombe. Askari mmoja aliyekuwa na homa na anatetemeka alihamishwa kwenda mpakani. Jemadari akitaka kulala, kikombe kilishikwa kwa zamu na maluteni wake, na Harithi aliendelea kumimina.

Wenzao wa Mashariki na wa Mbali walipopata fununu, nao wakatoa amri kama hiyo.

Kahawa ya Bi Thumna ikaisha. Majirani wakaleta yao, nayo ikaisha. Zikaanza kuchemshwa zile zilizokuwa zimewekewa harusi. Ami Bakhiti aliona mambo yanaharibika.

"Shemeji, hawa hawatikisi," akamnong'oneza Bi Thumna jikoni.

"Wana kiu. Wametoka mbali."

"Kiu gani ya siku tatu?"

"Ami Bakhiti," alisema Bi Thumna, "kesho ni siku ya nne. Tutawauliza, watatuambia, tutawafungia. Watu wana akili zao."

Aliamini hivyo kwa moyo wake wote, na usiku kucha alitoa kokwa kwenye tende.

Asubuhi Harithi alinawa uso, akafunga kilemba cha marehemu baba yake, akaenda akainama mbele ya Jemadari kama alivyofundishwa tangu akiwa mdogo. "Mgeni wetu," alisema, "tukufungie lini?"

Jemadari akamtazama Ridhwani. Ridhwani akatia kikohozi kidogo.

"Anasema, tukufunge lini?"

Jemadari akaweka kikombe chini taratibu, bila kukitikisa.

"Muulize ni nani wengine wamo katika jambo hili."

"Sote," akajibu Harithi, akifurahi kwamba mgeni amelipokea vizuri. "Mama ndiye atakayefunga, mimi nitashika kamba. Hata hao wenzako tutawafungia, ukipenda mwende pamoja."

Jikoni Bi Thumna alisikia vishindo, akatoka mbio na mfuko wa tende mkononi, na kamba ya katani begani. Aliona kilemba cha mumewe kimeanguka vumbini na magari mawili yanaondoka. Kamba ilichukuliwa ikawa kielelezo. Tende zililiwa.

*

Redio ya taifa iliieleza vizuri sana Njama ya Rahba. Ilisemekana kwamba kundi la hatari, likijificha nyuma ya kahawa, lilipanga kuwafunga viongozi wa nchi tatu za kirafiki kwa kamba moja. Urefu wa kamba ulitajwa. Kwa ajili ya hali hiyo Ghafla ilihitaji mabadiliko, na mabadiliko yakaja yote pamoja.

Liliundwa Baraza la Mpito la Kudumu. Mji Mkuu ukamleta Mkuu wa Jimbo, Mheshimiwa Dokta Nuamani, kijana wa suti aliyependa neno "fursa" kupita kiasi. Siku ya kuapishwa kwake alisema kwamba Ghafla ilikuwa maskini kwa sababu haikujua ina utajiri gani, na kwamba sasa kila mwananchi aamke aione fursa iliyo mbele yake. Wananchi wakaangalia mbele, wakaona seng'enge. Lilikuwa Eneo Huru la Uchumi, na ndani yake hakuruhusiwa mtu kuingia. Kisima cha Rahba kilikuwa katikati.

Maji yakawa maji ya kimkakati. Mbuzi aliyenywa maji hayo bila kibali alikuwa anahujumu uchumi, na mwenye mbuzi alikuwa mshirika. Watu wakaanza kufungasha, familia moja baada ya nyingine, wakielekea bara walikosikia kuna visima ambavyo havijagunduliwa. Mheshimiwa Nuamani akatoa taarifa kwamba msongamano Rahba umepungua sana.

Bi Thumna hakuondoka. Alijenga kibanda cha mikeka nje ya seng'enge, mbele ya lango, maana nyuma ya lango hilo, mbali kidogo, yalipangwa makontena ya chuma, na watu walisema vijana waliokamatwa wamo humo. Juani makontena hayo yalikuwa yanang'aa mpaka macho yanauma. Hakuwa akiwaza kisima tena. Alikuwa akiwaza kama humo ndani kuna tundu la hewa.

Alipopata nafasi ya kumwona Mheshimiwa, alipewa kiti na soda.

"Mama, ondoa wasiwasi," alisema Mheshimiwa Nuamani. "Mwanao yuko usalama."

"Yuko salama?"

"Yuko usalama."

"Kuna tofauti gani, mwanangu?"

"Ni herufi moja tu, mama."

Basi Bi Thumna akasema na yeye shida yake ni herufi moja. Akaeleza polepole, kama anavyoelezwa mtoto: kuna kumfunga mtu, na kuna kumfungia mtu. Ukimfunga, unamtia kamba yeye. Ukimfungia, unautia kamba mzigo wake, na kwa kawaida ni chakula. Harithi alisema tukufungie. I ilikuwapo. Yeye aliisikia akiwa jikoni.

Mheshimiwa alimsikiliza kwa makini, na hata akaguswa. "Nakuelewa kabisa," alisema. "Lakini hilo ni suala la sarufi, na sarufi iko chini ya Wizara ya Elimu. Mwanao yuko chini ya usalama. Hata hivyo tutalifanyia mchakato."

Kweli ikaundwa Kamati ya Irabu, wajumbe watatu kutoka nchi tatu za kirafiki, wakaletewa feni na jenereta. Ustadhi Ridhwani aliitwa kutoa ushahidi.

"Ulisikia i?" wakamuuliza.

"Niliisikia, Waheshimiwa."

"Mbona hukuitafsiri?"

"Niliona haina uzito kiusalama."

Kamati ikamshukuru kwa weledi wake. Iliamua kwamba i ilikuwapo, lakini mtuhumiwa angeweza kuitamka kwa nguvu zaidi kama kweli hakuwa na nia mbaya. Bi Thumna, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliambiwa anaweza kukata rufaa juu ya irabu nyingine yoyote.

Hapo ndipo alipocheka. Alicheka mwenyewe njia nzima mpaka kibandani, na alipofika akalala kifudifudi akalia mpaka akaishiwa na sauti.

*

Miezi ikapita. Wanawake wengine walikuja kukaa langoni, kutoka Rahba na kutoka mbali, kila mmoja na jina lake la kuulizia. Askari wa zamu alilisikia jina, akaenda ndani, akarudi na neno moja kati ya mawili: yupo, au kahamishwa. Ukiambiwa yupo, ulikaa. Ukiambiwa kahamishwa, ilikuwa maana yake amevushwa bahari kwenda nchi fulani yenye magereza mengi, na huko hakuna aliyerudi wala aliyeandika. Bi Thumna aliwaona wenziwe wakiambiwa neno hilo. Mmoja aliuliza kahamishwa lini, kama vile angeweza kuliwahi gari.

Yeye kila siku aliambiwa yupo. Kwa neno hilo aliweza kula.

Mwishowe huko hotelini, katika mji wa baridi, wakubwa walikutana na kukubaliana kwamba Ghafla imetulia. Ilibidi dunia ione utulivu wenyewe. Ikatangazwa Siku ya Uthabiti, likajengwa jukwaa, zikaletwa kamera, na ikasemekana kwamba kwa huruma za nchi tatu za kirafiki baadhi ya vijana waliojutia makosa yao watakabidhiwa kwa mama zao hadharani. Katika walioitwa lilitajwa jina la Harithi bin Suheli.

Bi Thumna aliufua mtandio wake kwa maji aliyoyakusanya wiki nzima. Ami Bakhiti alirudi kutoka bara kwa miguu, na wale waliohama nao wakarudi wengi wao, ili waje wamlaki.

Hotuba zilikuwa nyingi. Jemadari Shaukati, aliyekuwa amenenepa, alisema kwamba ndugu wa kweli humrudi nduguye kisha humkumbatia. Mheshimiwa Nuamani aliona fursa. Halafu mtangazaji akaita, "Harithi bin Suheli!" na mlango wa kontena ukafunguliwa, na kijana akatoka amevishwa kanzu mpya, amenyolewa, anafikicha macho kwa jua.

Hakuwa Harithi.

Alikuwa mfupi, mweusi zaidi, na kovu juu ya jicho. Bi Thumna alikuwa amekwisha kunyanyua mguu aende. Mguu ukabaki hewani. Alitazama nyuma ya kijana kama pana mwingine anakuja. Mlango wa kontena ulikuwa umekwisha kufungwa.

Kijana alitembea mpaka mbele yake. Askari alikuwa nyuma yake na kamera pembeni yake. Akajitupa kifuani kwa Bi Thumna kama mtoto anavyofanya, na mkono wake ukashika upindo wa mtandio. Hiyo nayo ni sheria ya Ghafla: anayeshika nguo ya mwanamke wa nyumba ameingia katika hifadhi yake, na hatolewi.

"Mama," alinong'ona, "nimekushika. Wamekosea. Usiseme. Nikirudi ndani sitatoka."

Jemadari akasogeza kipaza sauti. Alikuwa anatabasamu. "Haya, mama! Iambie dunia. Huyu ndiye mwanao?"

Bi Thumna alijua papo hapo kilichokuwa ndani ya swali hilo, alikijua vizuri kuliko kamati zote. Akisema siye, kijana huyu atarudishwa juani kwenye chuma, na safari hii kwa kosa la kujifanya mtu mwingine. Akisema ndiye, basi Harithi amekwisha kutolewa. Ameonwa na dunia nzima akitolewa. Kesho akienda langoni kumuulizia ataambiwa tumekupa. Hakutakuwa na Harithi wa kuuliziwa tena, wala wa kuhamishwa, wala wa kuzikwa. Mwanawe atakuwa amefutwa kwa ulimi wa mama yake mwenyewe.

Kwa muda wa pumzi moja alimchukia kijana yule. Alimchukia kwa kuwa hai, kwa kovu lake, kwa kuvaa kanzu iliyokuwa iwe ya mwanawe. Alitaka kumsukuma. Lakini aliona vidole vilivyoshika mtandio, na kucha zake zilivyokuwa.

"Ndiye," akasema.

Watu wa Rahba walikuwa nyuma yake, na hakuna hata mmoja asiyemjua Harithi tangu anatambaa. Ami Bakhiti alifungua kinywa. Akamtazama shemeji yake, akakifunga, kisha akasogea mbele na mkongojo wake.

"Ndiye," alisema kwa sauti kubwa. "Mtoto wa ndugu yangu huyu. Kakonda tu."

"Ndiye," wakasema majirani.

"Ndiye huyo," wakasema wanawake wa langoni, ambao wengine wao hawakumjua hata Harithi mwenyewe.

Jemadari alifurahi mno, maana hajawahi kuona katika Ghafla jambo lililoungwa mkono na watu wote namna ile. Bi Thumna akaanza kulia kwa sauti, kilio cha msiba kabisa, na jioni redio ilisema kwamba ni machozi ya furaha.

*

Walipofika nyuma ya kilima, mahali ambapo kamera hazifiki, Bi Thumna alimbandua kijana kutoka kwenye mtandio wake. Siku tatu hakungoja.

"Jina lako nani?"

"Nawfali bin Amri, mama. Natoka Hisni, kule milimani."

"Mwanangu unamjua?"

"Harithi? Nimelala naye mgongo kwa mgongo." Kijana alizungumza akiangalia chini. "Wametuchanganya tangu siku ya kwanza. Mimi nilikamatwa kwa ajili ya pikipiki, waliyosema imebeba bendera isiyotakiwa. Yeye sijui kamba gani. Mkalimani akamwita yeye Nawfali, mimi akaniita Harithi. Tukamwambia siyo hivyo. Tulimwambia mara mbili, tukapigwa mara mbili, tukaacha. Basi miezi yote hiyo mimi naulizwa habari za kahawa, naye anaulizwa habari za pikipiki."

"Akajibu nini?"

"Alisema pikipiki hajapanda maishani mwake. Walimpiga sana kwa hilo, mama. Walisema mwongo."

Bi Thumna akakaa chini kwenye mchanga, hapo hapo alipokuwa. Ami Bakhiti akageuza uso.

"Umemwacha yu hai?"

"Nimemwacha anakohoa, lakini yu hai. Aliponiona naitwa alinicheka. Akaniambia, nenda Harithi, msalimie mama."

Kisha Bi Thumna akauliza kwa sauti kavu kabisa, "Na wewe, mama yako hakuja langoni?"

"Mama yangu amekufa. Hakuna aliyeniulizia hata siku moja. Na wanasema wale wasiouliziwa watavushwa kwanza, ili kupata nafasi."

Ami Bakhiti alielewa baadaye kidogo. Bi Thumna alikuwa amekwisha kusimama, anakung'uta mchanga.

"Mpeleke bara huyu, shemeji, mpe chakula. Akiulizwa ni Harithi."

"Na wewe unakwenda wapi?"

Alikuwa ameshapanda kilima.

Langoni jukwaa lilikuwa linavunjwa, na vijana wa Kikosi cha Usalama Zaidi wanagombana na wa Usalama Kamili juu ya nani achukue mbao. Wanawake waliobaki walikuwa wamekaa pale pale penye kivuli cha nguzo. Askari wa zamu alimwona Bi Thumna akamtambua.

"Wewe si tumekupa mwanao sasa hivi?"

"Mmenipa, Mungu awape kheri. Nimekuja kumuulizia mwingine. Nawfali bin Amri, wa Hisni."

Askari alikwenda ndani. Alikaa sana. Bi Thumna alishika waya wa seng'enge kwa mikono miwili na hakuiondoa, ingawa ulikuwa wa moto. Ndipo askari akarudi, taratibu, anajipepea kwa kofia.

"Yupo," alisema. "Una bahati. Yumo katika wa kuvushwa Alhamisi, maana hana mtu. Wewe ni nani wake?"

"Mama yake."

"Mama yake!" Askari akamtazama juu mpaka chini. "Miezi yote hii hujaja hata siku moja kumuulizia?"

"Nilikuwa sijalijua jina lake," alisema Bi Thumna.

Askari alikuwa amekaa Ghafla muda wa kutosha, na jibu hilo halikumshangaza. Alimwambia suala la Alhamisi litaangaliwa, kwa kuwa sasa ana mtu, akamwonyesha pa kukaa pamoja na wengine.